Umande wa Perusi

"Pasipo umande, jivu halifi." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo leo mchana, pale wale ndugu wawili walipopeana mikono mbele ya wazee huku kila mmoja anaangalia pembeni. Nyie mkacheka, mkadhani anazungumzia mambo ya jikoni. Haya, sogeeni, na wewe acha kumfinya mwenzio. Methali hiyo ilianza hivi, na ilianza kwa watu wenye majina yao, si kwa sungura na fisi.

Palikuwa na kijiji kinaitwa Chitandala, huku huku kwetu Ugogo. Nchi kavu mnaijua wenyewe. Mvua ikikata mwezi wa nne imekata, na kurudi inarudi kwa madaha kama mkwe aliyenuniwa. Hapo katikati ni jua na upepo. Nyasi zinakauka mpaka ukizishika zinasagika mkononi kama ugoro. Midomo inapasuka. Ngozi ya ngoma inajikaza yenyewe, ukiigonga inalia kama bati. Halafu saa za adhuhuri unakuja ule upepo wa mashariki, na mbele yake kisulisuli kinakimbia na vumbi na majani kama kichaa aliyeiba nguo za watu. Siku za namna hiyo cheche moja inatosha kumaliza nchi.

Sasa watu wa Chitandala walikuwa na malisho yao ya akiba, bonde zima, hawaingizi ng'ombe mpaka kiangazi kimekolea. Hayo ndiyo yaliyokuwa roho ya kijiji. Kwa ajili ya kuyalinda walikuwa na mila moja ambayo sijaiona kwingine. Kila alfajiri ya kiangazi mtu mmoja anavua viatu, anakwenda ukingoni mwa malisho, anatembea kwenye majani. Akirudi anapaza sauti. Akisema, "Miguu imelowa," basi usiku umande umeshuka, watu wako huru kuwasha mafiga ya nje. Akisema, "Miguu mikavu," hakuna moto nje siku hiyo. Ndani ya tembe unabandika kidogo jua halijatoka, unazima kwa maji, na baada ya hapo watu wanakula kiporo mpaka kesho. Hata mgonjwa. Hata mgeni. Ukimsikia mtu wa Chitandala anasifu kiporo, ujue amezoea, si kwamba kitamu.

Kwa nini umande? Kwa sababu jivu ni laghai, wanangu. Juu limepoa, ndani lina kaa limejikunyata. Umande ukishuka usiku, lile kaa linalazwa, na ukishaanza kushuka haukatiki kwa usiku mmoja, na kesho utashuka. Usiposhuka, linasubiri upepo wa mchana.

Mkanyaji wa umande wakati huo alikuwa mzee Malogo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtu anamtambua kwa sauti, lakini nyayo zake ziliaminiwa kuliko macho ya vijana. Naye alikuwa na mdogo wake wa kike, Perusi, mjane. Wazazi wao walikufa Perusi bado anatambaa, kwa hiyo Malogo ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni kama mwanamke huku wenzake wanamcheka. Mtu wa kumbeba mdogo wake mgongoni, na huku ni mwanamume wa mkuki. Kumbukeni hilo.

Perusi alikuwa na binti mmoja tu, Damari. Damari alichumbiwa na watu wa upande wa Bahi, watu wenye ng'ombe. Harusi ikapangwa, ukaingia msiba, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, wageni wamefika, asubuhi Malogo akarudi akasema miguu mikavu. Mtawalishaje wakwe kiporo? Wakageuza na ng'ombe wao. Mzee wa upande wa mume akaacha neno: nyumba ikinirudisha mara mbili, mara ya tatu napita kwa jirani. Na jirani mwenyewe, mama mmoja hivi ulimi wake kama wembe, naye alikuwa na binti. Kila akikutana na Perusi kisimani anamsalimia, "Mbukwa, mama harusi. Mwali wetu ataolewa kwa pilau au kwa mlenda wa jana?" Wanawake wanacheka, Perusi naye anacheka, anajitwisha ndoo, anafika nyumbani analia. Hakuwa anautaka utajiri, msimdhanie hivyo. Aliogopa Damari azeekee mikononi mwake, naye mama afe amwache duniani bila mtu.

Siku ya harusi ya tatu ikakaribia. Hewa ilikuwa kavu, siku baada ya siku miguu mikavu. Jioni wageni wamekwisha kufika, wamelala kwa majirani, ng'ombe wao wako zizini, Perusi akamfuata kaka yake. Akamsihi sana. Akamwambia kwa kesho tu, kaka, sema imelowa, nani atajua.

Malogo alikuwa anachonga mpini. Hakuinua kichwa. Akamwambia, "Mdogo wangu, umande siuleti mimi. Nikikanyaga nikalowa, nitasema nimelowa. Nikikauka, nitasema nimekauka. Sina lingine."

Perusi akaondoka na maneno hayo. Njiani akawa anayarudia. Nikikanyaga nikalowa, nitasema nimelowa. Mnaona shetani anavyofanya kazi? Haleti jambo lake. Anachukua neno la mtu mwema, analigeuza upande wa pili.

Jogoo wa kwanza alipowika Perusi alikuwa ameshatoka. Alibeba vibuyu vya maji, yale aliyoyaweka ya kuzimia moto wa harusi. Kisima kiangazi kile kilikuwa kinatoa maji kwa kukwangua, usidhani ni maji ya kuchezea. Akavunja kitawi chenye majani, akawa anachovya na kunyunyizia nyasi pale pale kaka yake anapopita, taratibu, kama anayebariki shamba. Vibuyu vikaisha. Akajificha nyuma ya kichuguu.

Malogo akaja na fimbo yake. Akavua makubazi, akaingia kwenye majani. Akatembea kidogo, akasimama. Akasimama muda mrefu. Perusi anamwona kaka yake ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Halafu mzee akageuka kuelekea kijijini, akapaza sauti: miguu imelowa.

Vigelegele vikapokea. Mafiga yakawashwa nje, masufuria yakapanda, ng'ombe akaanguka, watu wakala chakula cha moto wakasahau shida. Yule jirani mwenye ulimi alikula sahani mbili, hakusema kitu. Upepo siku hiyo ulikuwa wa wastani. Jua lilipoanza kulala, Damari akaondoka na watu wake, amejifunika khanga, analia kilio cha furaha. Alipita kumuaga mjomba wake kabla ya wote. Malogo alimshika kichwa kwa mikono miwili.

Jioni wanawake wakazoa majivu wakayatupa jaani, wakarushia mchanga kidogo. Ndiyo desturi ya siku ya umande, maana usiku unaofuata utamalizia. Ni Perusi peke yake aliyejua kwamba hakuna cha kumalizia. Alisimama pale jaani akashika jivu kwa kiganja, juu limepoa. Alitaka kumwagia maji. Vibuyu vitupu. Kwenda kisimani kukwangua, na miguu inauma, na mwanangu kaolewa. Akasema moyoni, limeshakufa hili. Akaenda kulala.

Asubuhi Malogo akatoa sauti, miguu mikavu. Watu wakatii, hakuna aliyewasha. Lakini la jana nani analikumbuka? La jana lilikuwa la siku ya umande.

Adhuhuri upepo wa mashariki ukaamka. Kisulisuli kikapita katikati ya jaa, kikalipekua jivu kama kuku, kikaokota makaa kikayapeleka bondeni. Moshi ulipoonekana ulikuwa mmoja, mwembamba. Kabla watu hawajakata matawi ulikuwa ukuta. Walipiga moto kwa majani mabichi, wakapiga kwa magunia, wakapiga kwa ngozi. Wakikimbilia mbele, upepo unaruka na cheche juu ya vichwa vyao unawasha nyuma. Jioni bonde lote lilikuwa jeusi. Mtu hakufa siku ile. Siku ile, nasema.

Wazee wakakaa. Wakamwita Malogo barazani, wakamuuliza umande gani huo ushuke usiku mmoja, wa pili usishuke, kaa libaki hai. Akajibu kwamba miguu yake ililowa, na alisema alichokanyaga. Akaulizwa tena, akajibu hivyo hivyo. Kijana mmoja akasema labda mzee alikanyaga mkojo wa mbuzi, watu wakacheka, kicheko cha watu wenye hasira. Wakamvua kazi. Perusi alikuwa amekaa upande wa wanawake, khanga mdomoni. Alingoja ulimi wake unyanyuke. Haukunyanyuka.

Baada ya hapo ng'ombe wakaanza kusimama wamefumba macho. Malisho hakuna. Wale wa mahari ndio walioanza, maana walikuwa wageni, hawajui hata vichaka vya kutafuna. Wakafuata wa watu wengine. Wakafuata watoto wachanga, maziwa yalipokatika. Na kila ng'ombe aliyeanguka, mtu anapita mbele ya mlango wa Malogo anatema mate.

Siku moja Perusi akampelekea kaka yake uji. Akamkuta anafunga mzigo, anahamia kwa binti yake, mbali, upande wa Singida. Akaweka kibuyu chini. Uji ukaanza kuweka ngozi.

Malogo ndiye aliyeanza. "Asubuhi ile, katikati ya vidole vyangu palikuwa na tope."

Perusi akakisogeza kile kibuyu cha uji.

"Umande unakaa juu ya jani, mdogo wangu. Haufanyi tope."

"Ulijua lini?"

"Pale pale niliposimama."

"Sasa kwa nini ulisema imelowa?"

"Kwa sababu nililowa. Na kwa sababu nilikubeba mgongoni, sikuweza kukutupa chini mbele ya wakwe." Akakaza kamba ya mzigo. "Nikajisemea, aliyemwaga haya maji anajua hakuna umande. Jioni atalimwagia jivu. Hilo moja nikakuachia wewe. Pasipo umande, jivu halifi, ulijua hilo kabla hujajua kuongea."

"Maji yalikuwa yameisha, kaka."

"Najua yalikoishia."

Perusi akaanza kulia. Akamuuliza kama atawaambia watu. Mzee akapapasa fimbo yake, akasimama. "Mimi yangu nilishayasema barazani. Yaliyobaki ni yako." Akatoka. Uji hakuugusa.

Hakurudi. Mvua zilipoanza kunyesha ikaja habari kwamba amezikwa huko huko, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiamka alfajiri anatoka peku, wajukuu wanamrudisha ndani. Watu wa Chitandala wakaweka matanga, lakini matanga makavu, ya kutimiza tu. Mtu mmoja akasema afadhali.

Hapo ndipo Perusi aliposimama. Akasema yote: vibuyu, kitawi, kichuguu, jaa. Alimaliza kwa kusema maneno aliyoambiwa na kaka yake, yale yale: pasipo umande, jivu halifi. Hakuna aliyempigia kelele. Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mtu anakung'uta nguo, mpaka akabaki na mwanawe Damari aliyekuja msibani na mimba tumboni. Damari alimpenda mjomba wake kama baba.

Wazee wakawaita mama na mwana kesho yake, wakawasuluhisha. Mkono ukatolewa, mkono ukapokelewa. Wakaambiwa limekwisha, mama ni mama. Perusi akafurahi. Akakimbia jikoni, mvua inanyesha, moto unaruhusiwa, akapika ugali na nyama, akauleta ukitoa moshi, akauweka mbele ya mwanawe. Akanawa mikono yake, akingoja wale pamoja.

Damari akakitazama kile chakula. Akauliza kwa upole kabisa, "Mama, hakuna kiporo?"

Na tangu siku ile kila alipokuja kwa mama yake, alikula kiporo, kama mtu wa siku ya miguu mikavu. Hakumtukana, hakumnunia. Salamu alitoa, zawadi alileta. Ila chakula cha moto cha nyumba ile hakupeleka kinywani mpaka Perusi anaingia kaburini. Miaka yote hiyo Perusi ndiye aliyekuwa akikanyaga umande wa Chitandala, bila kuombwa, mpaka nyayo zikawa kama magome. Watu walimsikiliza. Kumshukuru, hapana.

Basi wale ndugu wa leo mchana walipeana mikono, wazee wakapiga makofi, mkadhani limekwisha. Shangazi yenu ameitazama ile mikono. Haikuwa na unyevu hata kidogo. Ndiyo maana akasema alichosema: pasipo umande, jivu halifi.