Tembo wa Ubaoni

Tembo wa ubaoni hanuki. Mmemsikia mwalimu mkuu akiisema leo mkutanoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi imetoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza, maana wengine huicheka tu na kwenda zao. Methali hii ilizaliwa hapa hapa shuleni kwenu, na mimi nilikuwepo. Kaeni. Na wewe acha kunitafunia mbegu masikioni.

Mwaka ule tulikuwa darasa la tano, na kwenye shamba la shule tulilima alizeti. Mwalimu Gyunda alituahidi kwamba mafuta tutakayokamua yatalipia lori la kutupeleka hifadhini, tukaone wanyama. Basi tulilima kama tuliorogwa. Hata sasa nikifumba macho naliona shamba lile, njano tupu mpaka mlimani, na sisi tunapita ndani yake tukizungumza habari za tembo. Aliyezungumza zaidi ni Yunisi, rafiki yangu. Yunisi alizaliwa haoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono.

Mavuno yalipofika, kamati ya shule ikageuka. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kitundu, babu yake Yunisi mwenyewe, mtu mgumu. Alisema mafuta yanunue bati za ofisi, mvua zinakaribia.

"Mwalimu, wewe una mkono mzuri," akasema. "Wachoree huyo tembo ubaoni. Kuona ni kuona."

Nililia, sioni haya kusema. Yunisi hakulia. Hilo liliniuma zaidi.

Mwalimu akachora. Alimchora tembo kuanzia pembe moja ya ubao hadi nyingine, na Mzee Kitundu akaja kusimama mlangoni kuhakikisha agizo lake limetimizwa. Tukashangilia kidogo. Yunisi akaniomba nimpeleke mbele. Akaupapasa ubao polepole, toka mkonga hadi mkia, kisha akanusa vidole vyake.

"Mwalimu, kumbe tembo ananuka chaki?"

Darasa zima likacheka, lakini Mwalimu Gyunda hakucheka.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Tembo wa ubaoni hanuki."

Mzee Kitundu alibaki pale mlangoni muda mrefu, kofia mkononi. Kesho yake aliita kamati, akasema lori likodiwe, na yeye mwenyewe atakwenda. Bati zikasubiri. Masika yale ofisi ilivuja kweli kweli, na mwalimu mkuu alikuwa akiandika huku amejifunika mwavuli.

Ya hifadhini niwaambie nini? Lori lilikwenda taratibu, upepo wa vuguvugu ukitupuliza, na nyasi kavu zikiinama na kuinuka hadi macho yanapoishia. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa kama watu walioingia kwenye ndoto ya mtu mwingine, tunaogopa kumwamsha. Lakini saa zilipita na tembo hatumwoni. Dereva akatuambia tutazame kulia, kwenye mto, tukatazama kulia sote mpaka shingo zikauma. Tembo na ukubwa wake wote hutembea kimya kuliko paka, na hilo ubao haukutuambia.

Yunisi akainua uso.

"Babu, kuna harufu. Majani yaliyotafunwa, na tope, na zizi la ng'ombe. Inatoka huku." Akanyoosha mkono kushoto.

Tukageuka. Walikuwa wamesimama pale, kundi zima na watoto wao, karibu hata kope zao tuliziona. Katika lori lote, aliyewagundua alikuwa yule asiyeona.

Mzee Kitundu hakuwatazama tembo. Alikuwa akimtazama mjukuu wake anavyocheka, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Mwaka uliofuata mjumbe mmoja alisimama kikaoni, akataka mafuta yajenge choo cha walimu. Safari ya nini, akasema, na Mwalimu Gyunda anajua kuchora? Mzee Kitundu hakuinuka hata kitini.

"Tembo wa ubaoni hanuki," akasema, na kikao kikaanza kupanga siku ya safari.