Kibao cha Bi Ndeshi

“Jina hukodiwa, imani hujengwa.” Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, wanangu, nanyi mnataka kujua usemi huu ulitoka wapi. Ulianzia hapa hapa Iringa, kwa Bi Ndeshi.

Bi Ndeshi alikuwa mkuu wa utumishi katika kiwanda kimoja cha saruji. Kiwanda kilipofungwa, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua haki ya kutumia jina la kampuni ya ng’ambo, inayoyatafutia mashirika wakurugenzi na mameneja. Wakampa mafunzo na kibao kizuri cha mlangoni. Aliamini jina lile litamletea wateja.

Halikuleta mtu. Wenye viwanda walikisoma kibao, wakapita. Mumewe alikwisha kumshauri afunge ofisi alipokuja Mzee Kihwele, mwenye kiwanda cha maziwa, akitaka atafutiwe meneja mkuu. Ujira wa kazi hiyo ungeiokoa ofisi.

Bi Ndeshi alikwenda kiwandani kujua anahitajika mtu wa namna gani. Alikula na wafanyakazi, akawauliza wakikwama humwendea nani. Kila mmoja alimtaja Atupele, naibu meneja, ambaye ndiye aliyekuwa akikiendesha kiwanda tangu meneja aondoke. Bi Ndeshi alirudi mjini, moyo ukimvuta huku na huku. Kesho yake akaenda kwa mzee.

“Mzee wangu, mtu unayemtafuta unaye. Ni Atupele.”

“Atupele? Mbona bado mdogo?”

“Wafanyakazi wako hawamwoni hivyo. Naweza kukuletea mgeni kutoka Dar, lakini kila jambo atamwuliza yeye.”

Mzee alimtazama. “Nikimpandisha wa kwangu, mama, wewe huna chako hapa. Unalijua hilo?”

“Nalijua. Ila ukweli ndio huo.”

Aliondoka mikono mitupu, akaanza kufungasha vitu vya ofisi. Hajamaliza, akaingia mwenye hoteli.

“Nimeelekezwa na Mzee Kihwele,” alisema. “Kasema wewe humuuzii mtu asichohitaji.”

Baada yake akaja mwenye kinu cha unga, kisha wengine, hata Bi Ndeshi akaajiri wasaidizi.

Kampuni ya ng’ambo ilishangaa, ikatuma mjumbe awakutanishe wateja, awaulize kama ni jina lao lililowavuta. Mzee Kihwele, ambaye kiwanda chake kilikuwa kimestawi mikononi mwa Atupele, alimjibu kwa upole:

“Jina lenu alilikodi, bwana. Imani yetu aliijenga mwenyewe.”

Waliokuwapo wakayachukua maneno yale, wakayafupisha, nasi tukayarithi: jina hukodiwa, imani hujengwa.