Nani Akae Kulia?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala tangu jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na baraza. Baraza lilikuwa na benchi moja na sheria moja: hakuna kusikiliza neno kabla wakubwa hawajaketi.

Siku moja Kanga akaja mbio, twa-twa-twa! Mayai yake kumi na mawili yalikuwa bondeni, na moto ulikuwa unakuja.

"Wazee wangu, moto! Njooni mkanyage nyasi, usifike kwenye kiota!"

"Pole sana, mama," akasema Nyati, mwenyekiti. "Tukishaketi utatueleza. Mimi hukaa mwisho wa benchi."

"Mimi hukaa kulia kwake, bega kwa bega," akasema Fisi.

"Mimi sikai karibu na Fisi," akasema Mbuzi. Huyo simlaumu.

"Mimi popote," akasema Nungunungu. "Ila miiba yangu msiiguse."

Wakazunguka benchi. Huyu akaa, yule ainuka. Moshi nao, fuu! Kanga akaokota vijiwe vinne, akavipanga mchangani.

"Nyati mwisho. Fisi kulia kwake. Mbuzi hamtaki Fisi, basi aende mwisho wa huku. Nungunungu katikati ya hao wawili. Kwisha! Twendeni!"

Baraza likapiga makofi. Wakaketi. Twendeni? Wapi! Mbuzi akainua kwato.

"Hoja, mwenyekiti! Kulia kwa nani? Kwa aliyeketi, au kwa anayetutazama?"

"Swali zito," akasema Nyati.

Wakainuka wote. Wakabishana kulia, wakabishana kushoto. Benchi likageuzwa. Likageuzwa tena. Tata-tata-tata, moto huo! Loo, mngewaona wakubwa wanavyotimua mbio! Hakuna aliyeuliza nani yuko kulia kwa nani.

Kesho yake wakaja kutoa pole. Kanga alikuwa peke yake juu ya majivu. Mayai hakuna, hata moja. Nyati akakohoa.

"Mama, kabla ya rambirambi... nani akae kulia?"

Kanga akawatazama mmoja mmoja.

"Nyinyi kaeni mtakapo," akasema. "Wa kulia ni mimi."

Mimi mwenyewe nikifika hapa huona uchungu. Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: anayekujia na shida ya moto, msaidie kwanza, ndipo uketi. Hadithi yangu imeishia hapo. Inukeni mkalale, na asiniulize mtu nani atangulie mlangoni.