Filimbi Iliyopigwa Mara Moja

Filimbi ya anayejulikana haipigwi mara mbili. Mmeisikia kwa fundi Zuberi pale sokoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni, na simu zitieni mfukoni. Methali hii ilianza hivi, katika mji wetu huu wa Lukundo, wakati kituo cha polisi kilipobaki na askari saba.

Zamani walikuwa ishirini na wanane. Ndani ya miaka mitatu wakuu wanne walikuja na kuondoka, kila mmoja akikaa ofisini kungoja uhamisho. Askari wakaona hawana wa kuwatetea. Wengine wakaomba kuhama, wengine wakaacha kazi. Waliobaki hawakutosha kwa doria, basi wakafanya msako: wanaingia mtaani kwa gari, wanamzoa yeyote aliye mbele yao, wanarudi. Watu nao wakajifunza. Filimbi ya polisi ikilia, milango inafungwa, na wachoma maandazi wanakimbia mafuta yakiungua.

Koplo Mpendu alikuwa mmoja wa wale saba. Siku moja mwenzake alichomwa kisu stendi ya mabasi. Mpendu akapiga filimbi mara tatu, mara nne, mpaka midomo ikamkauka. Hakutoka mtu hata wa kuleta kitambaa cha kufungia jeraha. Mwenzake alipona, lakini Mpendu moyo ulikuwa umekatika. Akaandika barua ya kuacha kazi, akangoja mkuu mpya aje aipokee.

Mkuu mpya alikuwa mwanamke, Afande Siwema. Aliisoma barua, akamuuliza ameishi Lukundo miaka mingapi. Tisa, akajibu. Akamuuliza balozi wa nyumba kumi pale sokoni ni nani. Mpendu hakumjua.

"Mgeni akihamia mtaani hupelekwa kwa balozi akajitambulishe," akasema Afande Siwema. "Sisi tunawadai watu vitambulisho, na wenyewe hatujawahi kubisha hodi. Nipe siku arobaini, Koplo. Barua yako nitaitunza."

Siku za mwizi ni arobaini. Kumbe na za askari huhesabiwa hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi wakaenda kwa miguu, bila bunduki, mkuu mwenyewe mbele. Balozi alikuwa Bi. Mkasi, muuza dagaa, na ulimi wake ulilifaa hilo jina. Aliwaacha wamesimama juani mpaka alipomaliza kumpimia mteja.

"Nyinyi wageni wa nani?" akauliza.

"Wako, mama. Tumechelewa kuja. Huyu ni Koplo Mpendu, ndiye askari wa mtaa wako. Akikosea, njoo kwangu."

Bi. Mkasi akamgeukia Mpendu. "Mwanangu Shomari mlimzoa akiwa na ndoo ya maji mkononi. Akalala ndani siku tatu."

Mpendu aliikumbuka ile ndoo. "Nilikuwemo kwenye gari, mama. Nisamehe."

Bi. Mkasi alimsogezea kigoda tu, akarudi kwenye dagaa wake.

Tangu siku hiyo kila askari akapewa mtaa wake, na msako ukapigwa marufuku. Mpendu akaanza kujua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kagombana na jirani kwa sababu ya mfereji. Watu wakaanza kumtania tumbo lake, na anayetaniwa amekwisha kuwa wa nyumbani.

Siku ya thelathini na nane, saa nne asubuhi, ukelele wa "Mwizi!" ukapasua soko. Mpendu alipofika alimkuta kijana mgeni yuko chini, anavuja damu, kakumbatia mkoba wa kike, na watu kama sitini wamemzunguka na mawe. Mpendu alikuwa peke yake. Akakumbuka ile stendi, akaitia filimbi mdomoni. Akapiga mara moja.

Bi. Mkasi akaitupa mizani yake. "Huyo Mpendu wetu! Mpisheni!"

Wa kwanza kusimama ubavuni mwake alikuwa Shomari, yule wa ndoo. Wakafuata wachoma maandazi na miiko yao, wakamzingira kijana kumkinga. Mawe yakashuka moja moja. Punde akaja mama mmoja akihema, akasema mkoba ulimdondoka kutoka kikapuni, na huyu kijana alikuwa akimkimbilia amrudishie. Mpendu akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya stendi, akalia na kucheka kwa pamoja.

Mchana akaiomba barua yake. Afande Siwema akaitoa kwa shingo upande, akidhani ndiyo kwaheri. Mpendu akaitumia kuwashia jiko la chai. Mwaka ule vijana kumi na mmoja wa Lukundo waliomba upolisi, na Shomari jina lake lilikuwa la kwanza.

Na yule kijana mgeni aliponea hapo, akabaki, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Mtazameni vizuri kovu lake la juu ya jicho mkipita kesho. Fundi Zuberi hacheki anapoisema: filimbi ya anayejulikana haipigwi mara mbili.