Kompyuta Yenye Nafasi Tupu

Mtu mmoja alikuwa na mabinti wawili na zawadi mbili zisizolingana. Jina lake Ndahani, dereva mstaafu wa lori la nafaka, wa mji mdogo upande wa Kongwa, kule ambako vumbi ni kitoweo. Mabinti wake walikuwa makarani wa kuandikia watu: barua, maombi, wosia, malalamiko. Walikuwa na kibanda kimoja chenye meza mbili, mkabala na mlango wa baraza la ardhi, na kwa miaka sita waliandika kwa kalamu mpaka vidole vikaota sugu. Ndahani alipopata kiinua mgongo chake, alipanda basi kwenda Dodoma, akarudi na kompyuta mbili za kupakata, moja kila kwapa.

Ya kwanza ilikuwa kamili. Ilifungwa kiwandani ikiwa na kila kitu ndani, ukibonyeza inawaka. Ya pili ilikuwa fremu tu: kioo, kibodi, betri na bodi ya ndani, basi. Haikuwa na diski ya kutunzia kazi, haikuwa na kumbukumbu ya kufikiria nayo, wala programu ya kuiamsha. Muuzaji alieleza kwamba hiyo mwenyewe huijaza anachotaka, kadiri anavyojaliwa. Ndahani aliziweka zote mbili mezani, akamwita mkubwa kwanza, kwa maana katika nyumba ile mdogo hagusi mboga kabla mkubwa hajamega. Dorkasi, mkubwa, hakusita. Alichukua inayowaka. Nyemo akabaki na mifupa.

Jina hilo la mifupa halikutoka kwangu, lilitoka sokoni. Watu walipita kibandani kuuliza mgonjwa ameamkaje. Mwuza nyanya alimshauri Nyemo aifanye sinia ya kupelekea chai. Nyemo alicheka nao, maana asiyejua kucheka sokoni hana maisha, lakini moyoni iliuma. Aliona baba amempa dada yake ugali, yeye akampa jembe. Siku moja akamwendea kulalamika. Ndahani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia tu kwamba katika malori yote aliyoendesha, alilijua vizuri moja tu, lile lililokuwa likimharibikia njiani.

Basi Nyemo akaanza kutafuta. Kumbukumbu aliipata kwa fundi redio aliyekuwa na kompyuta iliyovunjika kioo. Diski aliisubiri miezi mitatu, nayo ikaja na programu ndani yake. Mara ya kwanza alipochomeka ile kumbukumbu aliichomeka nusu, na kompyuta ikakaa kimya siku kumi na moja. Kila siku aliifungua, akaifunga, akalia kidogo, akarudi kwenye kalamu yake na barua za watu. Ili asipoteze skrubu, alichora mgongo wa kompyuta kwenye karatasi, na kila skrubu aliyoitoa akailaza juu ya tundu lake pale karatasini. Siku ya kumi na mbili aliisukuma kumbukumbu mpaka ikalia ta, na kioo kikawaka. Nyemo akapiga vigelegele peke yake kibandani, hata karani wa baraza akatoka nje kuuliza harusi ni ya nani.

Ilikuwa inawaka, lakini haikuwa imejaa. Ndani yake ilibaki nafasi moja tupu, mahali pa kuweka diski ya pili, na Nyemo hakuwa na cha kuweka. Nafasi hiyo ilimtia haya kuliko dhihaka zote za sokoni. Kila alipoifungua kompyuta kupangusa vumbi aliiona pale, kama jino lililong'oka.

Dorkasi naye aliitunza yake, tena kwa mapenzi. Msimcheke, ninyi mnaonisikiliza, kwa maana wengi wenu mna makochi nyumbani yenye nailoni ya dukani mpaka leo. Nailoni ya kompyuta ile hakuibandua, juu wala chini. Aliilaza juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, chenye maua mekundu, ili isichubuke tumbo, na kitambaa cha pili akakitandaza mgongoni mwa kioo. Matundu ya kupumulia yalikuwa tumboni. Feni ilipoanza kunguruma, Dorkasi alisema inafanya kazi kwa bidii. Kwenye ukingo palikuwa na karatasi ndogo ya lakiri iliyosema kwamba atakayeifungua amepoteza dhamana, na Dorkasi aliisoma kama amri ya kumi na moja. Flashi ya mtu yeyote alikataa isiingie, kwa kuwa flashi huleta virusi. Kwa hiyo hakikuingia kitu, na hakikutoka kitu.

Mwaka huo watu wa kitongoji cha Mtula walipata shauri. Kisima chao kilichimbwa kwa mikono na babu zao mwaka wa njaa. Sasa mtu mmoja mwenye shamba kubwa alikizungushia waya, akadai kwamba alikichimba yeye. Baraza likataka maneno ya wazee wanaokumbuka yaandikwe na kuletwa. Watu wa Mtula walikuja kibandani, wakatazama meza mbili. Kwenye moja waliona kompyuta inayong'aa chini ya maua mekundu, kwenye nyingine mifupa. Kazi wakampa Dorkasi. Nyemo aliinamia barua aliyokuwa akiiandika, ingawa alikuwa ameshaimaliza.

Wiki saba Dorkasi aliwasikiliza wazee thelathini na wawili, naye aliandika vizuri, hilo nalisema kwa haki yake. Wa mwisho alikuwa Bibi Yunisi. Alikuwa mtoto wakati kisima kinachimbwa, alibeba udongo wake kwa kapu, na alikumbuka jina la kila mchimbaji na zamu aliyoshuka. Aliyasema majina yote mbele ya mashahidi, akapumzika, akaongeza moja alilolisahau. Siku tisa baadaye walimzika. Maneno yake hayakuwa yamechapwa bado, maana walipanga kuchapa kurasa zote pamoja, wiki ya shauri. Duniani pote yalikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya Dorkasi.

Shauri lilikuwa Jumatatu. Alhamisi, jua likiwa utosini, kioo kikawa cheusi. Dorkasi alibonyeza. Alibonyeza tena, akasubiri, akaomba, akabonyeza. Alipiga simu dukani, wakamjibu kwamba ailete, itapelekwa mbali, itarudi mwezi ujao, na huenda ikarudi imefutwa. Habari ilifika Mtula kabla ya alasiri. Wazee wakaja, wakaketi nje ya kibanda. Kisima kikienda, wanawake wao watarudi kuchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, na kila mtu pale alilijua hilo.

Nisiwafiche: Nyemo alifurahi kidogo kwanza. Ni binadamu, na maneno ya sinia ya chai alikuwa hajayasahau. Kisha akamkumbuka Bibi Yunisi akiongeza lile jina moja, na furaha ile ikamchukiza. Alichukua bisibisi yake na karatasi tupu, akaenda kwenye meza ya dada yake. Dorkasi aliikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili.

"Ikishafunguliwa, mdogo wangu, dhamana imekwisha."

"Dada, kufa imeshakufa," Nyemo akasema. "Hapa tunalinda nini?"

Dorkasi akaondoa mikono. Alilia pale nailoni ilipobanduliwa, na mimi simlaumu. Nyemo aliigeuza, akachora mgongo wake karatasini, akakata lakiri, akatoa skrubu moja moja akizilaza mahali pake. Ndani akakuta feni imejaa vumbi na nyuzi nyekundu za maua ya kudarizi. Bodi ilikuwa imeungua, na hapakuwa na namna. Lakini pembeni, imeshikwa na skrubu moja tu, palikuwa na diski nyembamba yenye urefu wa kidole. Nyemo aliitazama muda mrefu. Umbo lile alilijua. Alikuwa ameliona kila wiki kwa mwaka mzima, likiwa tupu, ndani ya kompyuta yake mwenyewe.

Aliifungua mifupa mbele ya wazee wa Mtula. Akaiweka diski ya dada yake katika nafasi aliyokuwa akiionea haya, na ilienea kana kwamba ilikuwa ikingojewa. Akafunga skrubu, akabonyeza. Kioo kikawaka. Akaanza kuhesabu mafaili ya ushahidi kwa sauti, wazee wakihesabu pamoja naye, na walipofika thelathini na mbili mzee mmoja alivua kofia. Dorkasi akamwomba mdogo wake afungue la mwisho, la Bibi Yunisi. Akalisoma yeye mwenyewe, maana mkono ulioliandika ulikuwa wake, na pale nje ya kibanda watu waliwasikia babu zao wakiitwa kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na zamu yake.

Jumatatu yalisomwa hivyo hivyo barazani. Yule mwenye waya alipoulizwa ni akina nani walimchimbia kisima, alitaja vibarua, na alipoulizwa majina yao alitazama dari. Watu wa Mtula walikuwa na majina kumi na manne, pamoja na lile lililoongezwa. Baraza likaamua kisima ni chao, na waya uondolewe kabla ya jua kuchwa. Vigelegele vilivyopigwa siku ile havikuwa vya mtu mmoja kibandani. Walitoka wakicheza, wakawabeba mabinti wote wawili wa Ndahani mpaka kisimani. Ndoo ya kwanza iliyovutwa walimpa Dorkasi anywe, kwa kuwa ni mkubwa, naye akaipitisha kwa Nyemo kabla hajaonja. Katika nyumba ya Ndahani jambo hilo halijawahi kutokea. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya watu, akafuta uso kwa kofia yake ya udereva, akasema ni vumbi.

Kompyuta ya Dorkasi haikutupwa. Nyemo aliiacha wazi mezani, na dada yake akaanza kuijaza upya, kipande kwa kipande, akichora skrubu zake karatasini. Mara ya kwanza alichomeka kumbukumbu nusu. Nyemo aliona, akamwacha aitafute mwenyewe ile ta. Vitambaa vya maua vipo hadi leo, vinafunika mtungi wa maji, mahali panapovifaa. Na katika soko lile, mtu akienda kununua kompyuta siku hizi, haulizi kwanza kama inang'aa. Anaigeuza tumbo juu, anauliza, "Inafunguka?" Wauzaji wa Dodoma wameanza kulizoea swali hilo, na fremu tupu, ambazo zamani walizificha chini ya meza, sasa wanazipanga mbele.

Sisemi kwamba kilichokuja tayari ni kibaya. Dorkasi aliyaandika maneno ya wazee wote thelathini na wawili kwa kompyuta ya kiwandani, wakati mdogo wake bado anapangusa vumbi. Lakini ninyi mliopewa imani ikiwa imefungwa tayari, na ndoa, na elimu, mkazilaza juu ya maua na nailoni yake msiibandue, nawauliza: siku mojawapo itakapozima mikononi mwenu, ni nani kati yenu anayejua skrubu zake ziko wapi?