Karatasi Tumboni mwa Transfoma

Hapo zamani, nyie mnaopiga miayo hamjazaliwa bado, kijijini Mwangika tulikuwa na kinu cha pamba na transfoma moja tu. Transfoma hiyo tuliiita Bibi. Ee, raha zile! Soda baridi, redio zinaimba kila baraza, na zahanati ina taa. Leo mna umeme kila kona, lakini utamu ule hamtaujua.

Bibi akazeeka. Tumboni mwa transfoma nyaya zimeviringishwa karatasi, zikaloweshwa mafuta. Mafuta yakichakaa unabadilisha. Karatasi ikichakaa huna lako: siku moja inakatika, nyaya zinagusana, moto! Na Bibi alisimama ukutani kabisa pa zahanati.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Nkwimba, muuza karanga wa pembeni pale. "Bibi anakoroma," alisema. "Zamani alikuwa anaimba." Tukamcheka. Akawasumbua wakubwa wa kinu mpaka wakamwita mtaalamu wa vipimo, Bwana Sayi.

Kusikia hivyo, fundi Lugembe akaingiwa na hofu. Alimtunza Bibi tangu ujana wake, na nyumba aliyolala na wanawe ilikuwa ya kazi ile. Jumapili, kinu kimelala, akazima umeme, akamwaga mafuta meusi, akatia mapya, maana mafuta ya zamani ndiyo humwambia mpimaji hali ya karatasi.

Sayi akaja, akachota mafuta, akapima. Safi! "Bibi yenu mzima," akasema, akafunga mkoba. Tukapiga vigelegele.

Lugembe akawaona wajawazito wamekaa kivulini mwa ukuta ule. Moyo ukamchoma. "Bwana Sayi, rudi. Mafuta niliyabadilisha mimi Jumapili. Pima karatasi." Wakubwa wa kinu wakamfukuza kazi palepale.

Sayi akazima umeme, katikati ya msimu wa pamba! Tukamtukana, tukamrushia madongo. Akamfungua Bibi, akachomoa kipande cha karatasi, akakivuta. Kikapukutika kama jani kavu. "Huyu hawashwi tena," akasema. Jamani, tulilia kama tuko msibani.

Miezi ikapita gizani, ikaletwa transfoma mpya. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza: aliyetuokoa ndiye atakayeiwasha, mtu mmoja tu.

Nkwimba akasema, "Bila sikio langu, Sayi angefuata nini huku?"

Sayi akasema, "Sikio halizimi umeme, mama. Nilizima mimi, na madongo nikala mimi."

Lugembe akasema, "Nilificha, sikatai. Lakini ningenyamaza, nani angejua? Nyumba imekwenda. Hili niachieni."

"Mficha maradhi kifo humuumbua!" wakazomea wengine.

"Lakini alisema! Wewe ungesema?" wakajibu wenzao.

Tukabishana mpaka jua likazama, wala hakuna aliyegusa swichi. Mle zahanatini binti mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga akachungulia dirishani akipiga kelele: "Jamani, yeyote! Washeni, simwoni mtoto!"

Haya, semeni upesi. Je, nani alistahili kuwasha?