Punje ya Mbaazi Shavuni mwa Tumbili

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kisiwa.
Kiko wapi?
Kule Karibi, mbali hata ukiita husikiki. Sogeeni basi, maana nikishaanza sirudii.

Kisiwani humo karibu kila mnyama alitoka kwingine. Tumbili aliletwa na meli kutoka Afrika. Nguchiro aliletwa na meli kutoka Bara Hindi, ale panya wa mashambani. Nguruwe alikuja na meli kutoka Ulaya, na alipotia tu mguu nchi kavu akasema, "Kisiwa changu." Bibi Kenge peke yake alizaliwa pale, wala hakuna aliyemuuliza.

Nguruwe akaamuru ipandwe miwa, ikapandwa. Akaamuru ipandwe mikungumanga, ikapandwa. Wenzake wakalima, yeye akanenepa.

Tumbili alikuwa na siri. Shavuni mwake alificha punje moja ya mbaazi, aliyopewa na mama yake siku waliyotenganishwa. Akila, huisogeza kushoto. Akilala, huisogeza kulia. Jamani, alivyotamani kuipanda, aonje tena mchuzi wa kwao hata mara moja! Lakini kila akiomba kijishamba, Nguruwe hukoroma, "Ngrrr! Hapa miwa na kungumanga tu!" Na punje yenyewe ilikwisha kuanza kupata ufa.

Ikafika siku ya kuchagua kungumanga. Huko huzitupa katika pipa la maji: nzima huzama, mbovu huelea.

Chubwi! Ikazama. "Yangu," akasema Nguruwe.
Chubwi! Ikaelea. "Yenu."
Chubwi! Ikazama. "Yangu."

Tumbili akajikuna. "Bwana Nguruwe, sheria hii ni ya kungumanga tu, au ya kila kitu?"

Nguruwe akafikiria mawe, vyuma na vitu vyote vizito duniani, mate yakamtoka. "Ya kila kitu! Kinachozama changu, kinachoelea chenu. Mmesikia nyote?"

"Tumesikia!"

"Na hiki kisiwa, bwana, kimezama au kinaelea?"

"Mjinga wewe! Kingezama, tungesimama wapi?"

Nguchiro akakohoa kidogo.

"Basi kinaelea," akasema Tumbili. "Basi chetu."

"Ngrrr! Hakielei! Kina mzizi, nitawaonyesha!" Nguruwe akakimbia ufukweni, akajitupa baharini, chubwi! Akapiga mbizi, pwii, akaibuka. Akapiga mbizi tena, pwii, akaibuka. Mafuta ya miaka mingi hayakumruhusu kwenda chini.

"Anaelea!" wakapiga kelele. "Na yeye ni wetu!"

Wakamfunga kwenye kinu cha miwa, akawa anakizungusha yeye badala yao.

Tumbili akaitema punje kiganjani, akaifukia mlimani. Ikaota, ikazaa, wakapanda tena, mpaka sufuria ikajaa. Wakazipika kwa nazi. Tumbili akaonja, akafumba macho. Ladha ilikuwa karibu sana na ya mama, lakini siyo. Mama alikuwa akitia kitu fulani, naye hakukumbuka ni nini. Hapo ndipo alipolia, yeye aliyecheka siku nzima ya pipa.

Nguchiro naye akanusa bakuli, machozi yakamlengalenga. "Hizi mbaazi ni za kwetu. Za jikoni kwa mama yangu."

Tumbili alitaka kubisha. Akamtazama, akamwongezea upawa mmoja.

Bibi Kenge alikula polepole, akafuta mdomo.

"Bibi, wewe una raha," akasema Tumbili. "Wewe uko kwenu."

Bibi Kenge akaangalia miwa, kutoka mlimani hadi baharini. "Ndiyo, mjukuu wangu, mimi niko kwetu," akasema. "Ila kwetu ndiko hakupo tena."

Basi watoto, funzo ni hili: msimuulize mwenye shamba maswali, na msifiche chakula shavuni, ni tabia mbaya.

Hadithi naitua hapa. Aliyeipenda na aitie shavuni.